Nikumbushe Baadaye

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Mzee amenionyesha tangazo jekundu asubuhi nikipiga mswaki. Kuanzia kesho programu ya ujumbe haitafanya kazi tena kwenye simu za rika lake. Eti nitafute kifaa kipya. Kesho! Ni ustaarabu gani huu, kumpa mtu taarifa ya siku moja?

(Nisijidanganye. Tangazo lilianza kuja tangu mwaka jana. Kila mara lilikuwa na vitufe viwili: "Sawa" na "Nikumbushe baadaye". Nilibonyeza cha pili. Likanikumbusha baadaye. Nikabonyeza tena. Tulikuwa tumezoeana.)

Nieleze mambo kwa utaratibu, kama mwalimu wa insha anavyotaka. Mzee ni simu yangu. Kioo kina ufa unaoanzia pembeni na kuishia kwenye saa. Mgongo umeshikiliwa na mpira wa nywele wa Mama. Chini kuna kitufe kimoja, kitufe cha kweli kinachobonyea, siyo picha ya kitufe. Pacha wake anaishi na Bibi, safari ya nusu siku kutoka hapa. Mama alizinunua siku moja, duka moja. Bibi ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Anaona mwanga na vivuli, basi. Lakini kidole gumba chake kinakijua kile kitufe kama kinavyojua kitasa cha mlango wake. Anabonyeza, ananisikia nikimsomea.

Maana hiyo ndiyo kazi ya Mzee. Kila jioni narekodi sura moja ya riwaya na kumtumia Bibi. Sasa hivi tuko na mhasibu wa kiwanda cha sabuni, aliyekutwa amekufa chumba cha mizani, mlango umefungwa kwa ndani. Tumemaliza sura ya kumi na sita. Zimebaki sita. Na Jumatano ya wiki ijayo Bibi anapasuliwa macho, jambo alilolikwepa miaka nenda rudi. Safari hii amekubali kwa sharti moja. Amemwambia Mama kwamba yeye hawezi kulala kwenye kitanda cha daktari huku muuaji anatembea huru.

Mama alicheka. Mimi sikucheka. Namjua Bibi. Utani wake huwa una kokwa ndani.

Binamu alilisoma tangazo juu ya bega langu. (Ni mtoto wa Mjomba. Anakaa kwetu kwa ajili ya shule, tunalala chumba kimoja.) Akasema la kuvunda halina ubani. Akasema simu yake ya mwaka jana imelala tu kwenye droo, nichukue. Ya sasa ina kamera tatu mgongoni. Naiita Macho Matatu. Nilimjibu kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Akaniuliza mbachao ni kitu gani. Nikaondoka na heshima yangu.

Halafu Bibi je? Simu za siku hizi ni kioo kitupu. Kidole gumba chake kitashika wapi?

Jumanne, 4 Machi

Ushindi!

Nilifikiri kipindi kizima cha jiografia. Programu inajuaje kwamba leo ni leo? Inamuuliza Mzee. Na Mzee ni wangu. Nikarudi nyumbani mbio, nikaingia kwenye mipangilio, nikairudisha tarehe nyuma miaka miwili. Programu ikafunguka! Hakuna tangazo. Hakuna wekundu wowote.

Nikaenda studio. Studio ni nyuma ya pazia, chumba cha cherehani, Mama anakotundika magauni ya wateja. Magauni yanameza mwangwi, na hakuna anayenitazama. Mtu akinitazama sauti yangu hukauka kama kisima cha kiangazi. Nikasoma sura ya kumi na saba vizuri kuliko zote. Nikaituma.

Namwonea huruma yule mhandisi aliyetunga tangazo. Alisomea miaka mingi. Ameshindwa na kijana aliye nyuma ya pazia.

Asante, Mzee.

Jumapili, 5 Machi

Nimekata. Ni Jumatano. Nilinakili tarehe kutoka kwa Mzee.

Hilo ndilo tatizo lenyewe. Mzee anaamini tuko Jumapili ya mwaka juzi, na Jumapili kengele yake hailii. Niliamshwa na mteja wa Mama akilalamikia mikono ya gauni. Nikafika shule mstari umeshavunjwa. Mwalimu wa zamu akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ukweli, kwamba simu yangu iko mwaka juzi. Akanituma kufagia chini ya madawati yote, akasema nikirudi mwaka huu nimwarifu.

Na sura haikuondoka! Pembeni yake kuna alama ya saa ndogo. Ilikaa hapo kutwa. Jioni likaja neno: tarehe ya simu yako si sahihi, irekebishe. Nikairekebisha. Tangazo jekundu likarudi, safari hii bila kile kitufe cha pili. Nilikitafuta kila kona.

Mama amempigia Bibi kwa kisimu chake cha tochi. Bibi anamshuku mpishi wa kiwanda. Amesema pia kwamba pacha wa Mzee naye amewaka wekundu na kunyamaza. Kisha akauliza kama mume wake bado yu hai. (Mume wake ni mimi. Binamu ni mume mdogo. Naliandika hili bila majivuno.)

Alhamisi, 6 Machi

Kijana wa dawati la nyuma alinipa programu ya ujumbe iliyofanyiwa ukarabati na watu wasiojulikana. Akaapa kwamba inakubali simu yoyote, hata ya marehemu babu yake. Niliuliza kama ni salama. Akasema wewe unauliza sana, ndiyo maana huna marafiki.

Nikaipachika wakati wa mapumziko. Ilikubali!

Kipindi cha kusoma kimya, maktaba. Kimya kabisa. Dada wa maktaba alikuwa mezani pake akigonga mihuri. (Yuko kidato kimoja juu yangu. Hatujawahi kuzungumza. Nimeazima vitabu vingi sana.) Ghafla mfuko wangu ukapiga tarumbeta. Mwanamke akapaza sauti kutoka kwenye suruali yangu: hongera, una upara, tunayo dawa! Nikabonyeza kila mahali. Akaongeza sauti. Darasa zima lilinipigia makofi. Dada wa maktaba alishika muhuri hewani, hakuushusha.

Mwalimu akamchukua Mzee mpaka mwisho wa masomo. Aliniambia aliponirudishia kwamba kutwa nzima amekuwa akiombwa kununua mafuta ya nywele, na kwamba amefikiria.

Ijumaa, 7 Machi

Kwa fundi simu. Kibanda chake kina upana wa mtu mmoja na nusu. Yeye ndiye mtu na nusu. Kwanza alitoa nyuzi kwenye tundu la chaja kwa sindano: nyekundu, kijani, na kipande cha zipu. Akauliza kama simu hii tunaishonea. Kisha akasema ugonjwa umeingia kila mahali, dawa ni kuifuta yote. Nikamkubalia. Alichomoa kwanza kadi ya kumbukumbu, akaniuliza na hii nayo aifute? Nikamwambia hapana. Nilishafuta sura za zamani ambazo Bibi amezisikia, hivyo haina kitu cha maana.

Mzee amerudi msafi kama siku aliyozaliwa. Hana ujumbe, hana mafuta ya upara. Sura ya kumi na saba ilikuwa ndani ya simu, siyo kwenye kadi. Imekwenda.

Fundi hakutaka chochote. Alisema amefurahi kumwona, aliwahi kuwa na mwingine kama huyu. Alimfuta kioo kwa shati lake mwenyewe kabla ya kunirudishia. Kuna watu wema duniani.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, rahisi mno kiasi cha kunitia aibu: nimpigie tu. Simu kwa simu. Nisome moja kwa moja, nifumbe macho.

Nikapiga. Mzee akaandika: Dharura tu.

Nikamzima, nikamwasha. Dharura tu. Nikapanda jukwaa la tangi la maji, nikamwinua juu. Dharura tu. Binamu akanipiga picha kutoka chini kwa macho yote matatu. Ndipo akaniambia kwamba kampuni imezima mtandao wa zamani eneo letu tangu jana, na kwamba walituma ujumbe miezi mingi. Najua. Niliudhani ni matangazo.

Nilikaa juu ya jukwaa nikitafakari. Je, muuaji aliye huru kwenye sura ya kumi na saba anahesabika kama dharura? Nikawaza nikipokelewa na askari. Nikashuka.

Binamu akarudia habari ya droo. Nilimshukuru. Nikasema nina mpango. Sikuwa nao.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimesoma kwa kisimu cha Mama. (Ni kidogo lakini ni kipya, kinashika mtandao mpya.) Ndani ya chumba cha cherehani, Mama akishona sare za shule, mteja akipimwa kiuno. Bibi alipokea. Nikafungua kitabu. Mteja akaniangalia.

Sauti ikaenda zake. Nilisoma sentensi ya kwanza mara tatu, kila mara ikizidi kuwa nyembamba. Mteja alikuwa akibisha kwamba futi ya Mama imesinyaa. Bibi aliuliza ni nani huyo mwenye kiuno, yumo kwenye hadithi? Kisha salio likaisha.

Alipiga mwenyewe baadaye, kwa simu ya jirani yake. Aliniuliza mume wangu, umemezwa na nini? Nikasingizia salio. Akasema nisijali, atamwambia daktari waahirishe. Alisema kwa wepesi mno. Nikaelewa. Anaogopa. Muuaji ni kisingizio tu. Nikitoa sura zote, kisingizio kimekwisha, ataingia. Nisipotoa, hataingia, na macho yatafunga kabisa. Mama anasema daktari ameshaonya hivyo.

Nilitaka kumwambia neno la maana. Nikamwambia kwamba huku kuna mawingu.

Akanijibu kwamba afadhali ana redio ya jirani inampa muziki. Imeletwa jana. Ndogo, ina vitufe vinavyobonyea, na pembeni unachomeka kikadi.

Kikadi!!

Jumatatu, 10 Machi

Siku kubwa. Mzee hahitaji programu. Hahitaji mtandao. Kinasa sauti chake bado kinafanya kazi kama zamani. Ningemkumbatia.

Mjomba analala kwetu leo. Anaendesha lori la vitunguu, alfajiri anaondoka kupitia mji wa Bibi. Hivyo sura zote sita jioni moja! Niliingia studio nikitoka shule, sare mwilini. Sura ya kumi na nane koo lilianza kunikwaruza. Mkono ukaingia kati ya magauni, ukiwa na kikombe cha maji ya uvuguvugu. Nilidhani ni Mama. Ulikuwa wa Binamu.

Alikuwa ameketi nje ya pazia muda wote, akizuia wateja. Nilimsikia akimwambia mmoja asubiri, ndani kuna mtu anakufa kwa sumu. Nilipomaliza aliniuliza kwa sauti ya kutojali kama mlinzi wa lango ndiye muuaji. Nikasema atasikia kwa Bibi. Alinuna. Lakini alikuwa amesikia sura sita nzima, akiwa na Macho Matatu mfukoni imezimwa.

Mama aliishona kadi ndani ya kipande cha kitambaa cha sare, mshono mara mbili. Mjomba ameivaa shingoni chini ya shati. Amesema vitunguu vikioza vioze, hii itafika.

Nina watu. Sijui nimefanya nini kustahili watu hawa.

Jumanne, 11 Machi

Mjomba amefika mchana. Kadi iko kwa Bibi.

Nilikuwa nakula kwa amani nilipokumbuka mazoezi. Kijiko kilianguka.

Mazoezi ni haya. Kwa kuwa siwezi kusema na watu, huwa narekodi kwanza nitakachosema, nyuma ya pazia, mpaka kitoke vizuri. Hakijawahi kutoka vizuri. Nimeyaita Mazoezi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Ya kwanza ni kwa dada wa maktaba. Ya pili ni kwa Binamu. Ya tatu sitaki hata kuyaandika. Yote yako kwenye kadi isiyo na kitu cha maana.

Nilimuuliza Binamu, kana kwamba ni swali la masomo, redio kama zile hupanga vitu vipi. Akasema kwa alfabeti.

M inatangulia S. Mazoezi, kisha Sura.

Nimelala chali. Sitaamka tena.

Jumatano, 12 Machi

Bibi amepiga asubuhi kabla ya kwenda hospitali, simu ya jirani, kelele za watu nyuma yake. Mama aliiweka sauti ya juu, na Binamu yupo. Ardhi, pasuka!

Hakusikiliza peke yake. Walikuja jirani, mume wa jirani, na wasusi wawili wa nyumba ya pili na mteja wao aliyesukwa nusu kichwa. Redio ilianza na mimi nikisema habari za asubuhi dada, nimerudisha kitabu. Kisha tena, kwa sauti nzito. Kisha tena, nikikohoa. Mume wa jirani akasema huyu ndiye muuaji, anazoea uongo wake.

Yakafuata ya pili. Binamu, asante, sitaki simu yako. Hapana. Binamu, asante, naitaka, ila ukinipa utakuwa umeshinda. Hapana. Binamu, wewe una roho nzuri na hilo ndilo linaloniudhi. Wasusi wakakubaliana kwamba anayeitwa Binamu atauawa sura inayofuata, na kwamba inasikitisha, maana ndiye mhusika pekee mwenye adabu. Walimsubiri mpaka sura ya mwisho kasoro moja. Hakutokea. Walikasirika sana.

Binamu alikuwa ameficha uso kwenye mto. Mto ulikuwa ukitikisika.

Halafu Bibi akashusha sauti. Akasema ya tatu aliyasikiliza peke yake. Alisikia "Bibi," akaisimamisha redio, akawaambia wakachote maji.

Ya tatu ni hivi. Bibi, usiogope. Hapana. Bibi, mimi naogopa. Hapana. Bibi, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, ulikuwa unaweka kidole chini ya neno na mimi nakifuata, na sasa macho yako yamefunga na mimi siwezi hata kukusomea mbele ya mtu mwenye kiuno. (Hilo la kiuno niliongeza Jumapili.) Nilitaka tu kusema asante. Hapana, vibaya, naanza tena. Na nikaanza tena, mara nyingi.

Bibi akasema amesikiliza mara zote. Akasema kila moja ilikuwa vizuri, hajui nilikuwa natafuta nini. Mama alikuwa anashona bila uzi.

Nikauliza, kwa kuwa lazima niulize, kama sasa anamjua muuaji. Akajibu:

"Sura ya mwisho sijaisikiliza, mume wangu. Nimeiacha makusudi. Mtu haingii chumba cha daktari bila sababu ya kutoka."

Kisha akamwambia mume mdogo kwamba alionekana mzuri sana kwenye hadithi.

Mchana Mjomba amepiga. Bibi ametoka chumba cha daktari. Jicho la kwanza limekwisha, salama. Alipozinduka aliomba redio.

Jumapili, 16 Machi

Bandeji imetoka. Kitu cha kwanza Bibi alichokiona ni uso wa jirani. Alisema kumbe ndiwe wewe. Cha pili ni pacha wa Mzee, amezimika kwenye dirisha. Alimtazama, akasema asante, akamfunika kwa leso. Muuaji alikuwa karani wa stoo. Anadai alijua tangu sura ya tatu. Muongo!

Jicho la pili ni mwezi ujao. Ameshatoa sharti: kitabu kipya, na wasusi wanataka wizi wa benki. Ijumaa nilikwenda maktaba. Dada wa maktaba aligonga muhuri na kuniuliza nywele zinaendeleaje. Nikasema zinaendelea. Tumezungumza!

Jana nilikuta simu ya kwenye droo juu ya mto wangu, imechajiwa, chaja imeviringishwa vizuri pembeni. Nilimwambia Binamu asante, moja kwa moja, bila mazoezi. Akasema sasa ningeweza kurekodi vizuri, kutuma vizuri, kusikia kengele. Nikasema bila shaka. Ni simu nzuri kweli. Ina uzito wa kutosha. Nimeilaza juu ya Mzee, kukandamiza mgongo wake gundi ikauke. Usiache mbachao.

Kadi imerudi na Mjomba. Anaondoka tena Jumanne. Nimeichomeka, nimeshasoma sura mbili za wizi wa benki, na pia nimenasa Mazoezi ya Nne (dada wa maktaba, endapo ataniuliza tena kuhusu nywele) na ya Tano (Mwalimu, kuhusu mafuta). Nitayafuta yote kabla ya Jumanne. Muda upo.

Mzee ameleta tangazo sasa hivi, la njano. Kumbukumbu inakaribia kujaa, betri imechoka, kinasa sauti hakitapata tena masasisho. Nilishtuka. Kisha nikaona vitufe viko viwili.

Nikabonyeza cha pili.